Swali la Lini: Utafiti wa Kuzuia Kujiua Miongoni mwa Wanajeshi na Maveterani

Kwa muda mrefu wanajeshi wa nchi nyingi wamekuwa wakijiua kwa kiwango cha chini kuliko raia wa umri na jinsia kama yao. Sababu zake zinaeleweka: jeshi huwachuja waombaji kwa afya na tabia, kisha huwapa waliopita mshahara usiokatika, malazi, daktari, na wakubwa wanaowaona asubuhi na jioni. Hata hivyo hali hiyo si kanuni ya maumbile. Émile Durkheim, katika kitabu chake cha mwaka 1897 kuhusu kujiua, alikuta kinyume chake katika majeshi ya Ulaya ya karne ya 19: askari walijiua zaidi ya raia. Alieleza kwamba mtu aliyefunzwa kuihesabu nafsi yake kuwa kitu kidogo mbele ya kikosi huiachia kwa wepesi. Maelezo ya Durkheim yamebishaniwa sana tangu hapo, lakini takwimu zake zinaonyesha kwamba ile kinga ya askari huja na huweza kuondoka.

Marekani iliiona ikiondoka. Kabla ya vita vya Afghanistan na Iraq, askari wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani walijiua kwa kiwango kilicho chini ya kile cha raia. Kuanzia mwaka 2004 kiwango kilipanda mwaka baada ya mwaka, na kufikia 2008 kilikuwa kimewapita raia waliolingana nao kwa umri na jinsia. Maelezo yalikuwa tayari vinywani mwa watu: ni vita. Utafiti mkubwa wa miaka iliyofuata ulianza na dhana hiyo, na sehemu kubwa ya thamani yake ni jinsi ulivyoivuruga.

Oktoba 2008 Jeshi la Nchi Kavu na Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walikubaliana kuanzisha mradi uliokuja kuitwa Army STARRS, kwa fedha zilizofikia dola milioni 65. Ulikuwa utafiti mkubwa kuliko wowote uliowahi kufanywa kuhusu afya ya akili ya wanajeshi. Robert Ursano wa chuo kikuu cha tiba cha majeshi, Murray Stein wa San Diego, Ronald Kessler wa Harvard na Steven Heeringa wa Michigan waliuongoza pamoja. Nguzo yake ya kwanza ilikuwa kumbukumbu za askari wapatao milioni 1.6 waliotumikia kati ya 2004 na 2009, zilizoondolewa majina na kuunganishwa: hospitali, mashtaka ya kijeshi, kupandishwa na kushushwa vyeo, safari za vitani. Nguzo nyingine zilikuwa mahojiano, hojaji na sampuli za damu za makumi ya maelfu ya askari. Baadhi yao wameendelea kufuatiliwa hata baada ya kuvua sare.

Matokeo ya kwanza, yaliyochapishwa mwaka 2014, yaliwashangaza wengi: kiwango cha kujiua kilikuwa kimepanda pia kwa askari ambao hawakuwahi kupelekwa vitani. Utafiti mwingine wa muda mrefu, Millennium Cohort Study, ulianza kuandikisha washiriki mwaka 2001, na mwaka 2013 ulitoa jibu la kufanana. Kati ya watu 151,560 waliofuatiliwa, 83 walikuwa wamejiua, na kupelekwa vitani au kushiriki mapigano hakukuhusiana na vifo hivyo. Kilichohusiana navyo kilikuwa kuwa mwanamume, kuugua sonona au ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, na ulevi. Mwaka 2015 timu ya Mark Reger ilichunguza kumbukumbu za wanajeshi milioni 3.9 wa matawi yote ikafika palepale: kupelekwa vitani hakuongezi kiwango cha kujiua.

Haya hayamaanishi kwamba vita havina madhara. Kupelekwa vitani ni kapu lenye mengi ndani: karani wa stoo katika kambi salama na askari wa doria mitaani wote huhesabiwa kuwa walikwenda. Uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi, uliotolewa mwaka 2015 na Craig Bryan na wenzake, ulionyesha kwamba uhusiano na mawazo au majaribio ya kujiua huonekana wazi zaidi kwa waliokutana na uuaji na ukatili kuliko kwa waliokwenda tu. Ndipo yanapoingia maandishi ya Brett Litz na Jonathan Shay kuhusu jeraha la dhamiri, yaani maumivu ya mtu aliyefanya, au aliyeshindwa kuzuia, jambo linalokwenda kinyume na anachokiamini. Kulipima jeraha hilo bado ni kazi ngumu.

Jambo jingine lilihusu kipindi cha kabla ya jeshi. Mahojiano ya STARRS yalionyesha kwamba karibu nusu ya askari waliowahi kuwa na mawazo ya kujiua au kujaribu walianza kuwa nayo kabla ya kuandikishwa. Mchujo wa waombaji ulitegemea sana majibu yao wenyewe, na kijana anayetaka kazi hana sababu ya kusimulia usiku wake mbaya mbele ya ofisa anayeandikisha. Mchujo mkali zaidi huenda ungezidisha uficho tu.

Swali la nani yuko hatarini lilipogoma kujibika vizuri, swali la lini lilianza kuzaa. Kipindi cha kwanza kilichojitokeza ni miezi ya mafunzo na ya safari za vitani. Mwaka 2016 kundi la Ursano lilichambua majaribio ya kujiua ya askari 9,650 wa vyeo vya chini. Wale ambao hawakuwahi kwenda vitani walikuwa asilimia 40 tu ya askari hao, lakini walibeba asilimia 61 ya majaribio. Kwao hatari ilikuwa kubwa kuliko wakati wowote katika mwezi wa pili wa utumishi, yaani katikati ya mafunzo ya awali, kijana akiwa ametengwa na nyumbani kwake na bado hajapata wenzake. Kwa waliokuwa vitani kwa mara ya kwanza kilele kilikuwa mwezi wa sita. Kwa waliorudi, kilikuwa mwezi wa tano, muda mrefu baada ya sherehe za mapokezi na baada ya uchunguzi wa kwanza wa daktari. Utafiti uliofuata wa kundi hilohilo ulionyesha kwamba hatari ya mtu mmoja huongezeka kadiri majaribio yalivyokuwa mengi katika kikosi chake mwaka uliotangulia. Kwa hiyo kinachofuata baada ya tukio ni kazi ya kamanda pia, si ya daktari peke yake.

Kipindi cha pili ni kutoka hospitalini. Kati ya 2004 na 2009 wanajeshi wa Jeshi la Nchi Kavu walilazwa kwa sababu za akili mara 53,769. Katika miezi 12 baada ya kuruhusiwa, kiwango chao cha kujiua kilikuwa 263.9 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, wakati kiwango cha jeshi zima kilikuwa 18.5. Tofauti ya namna hii haionekani katika kulinganisha vyeo, wala matawi, wala idadi ya safari za vitani. Ofisi yenye wahudumu wachache isingekosea sana kuwaelekeza wote kwa waliotoka wodini wiki hii.

Kipindi cha tatu, ambacho jeshi lilichelewa sana kukiona, ni kuondoka jeshini. Utafiti wa Navneet Kapur na wenzake nchini Uingereza, wa mwaka 2009, ulifuatilia watu 233,803 walioacha jeshi kati ya 1996 na 2005, ukakuta 224 wamejiua. Kwa jumla kiwango chao hakikuwa juu ya kile cha raia, lakini vijana wa kiume wa miaka 24 kwenda chini walikuwa katika hatari mara mbili hadi tatu ya wenzao wa kiraia. Utafiti wa Reger uliokuta kwamba safari ya vitani haihusiani na kujiua ndio huohuo uliokuta kwamba kutengana na jeshi kunahusiana. Hatari ilikuwa kubwa hasa kwa waliotumikia chini ya miaka 4 na kwa walioondolewa bila heshima.

Australia imelichimba suala hili kuliko nchi nyingine. Tume ya kifalme ya uchunguzi iliyoundwa mwaka 2021 iliwasilisha ripoti yake ya mwisho Septemba 2024, ikiwa na mapendekezo 122. Takwimu zilizokuwa mbele yake zilionyesha vifo visivyopungua 1,677 vya kujiua miongoni mwa waliotumikia na waliowahi kutumikia kati ya 1997 na 2021. Wanaume walio kazini walijiua kwa kiwango kilicho chini sana ya cha Waaustralia wengine. Walioacha kazi walikuwa juu yao, na wanawake walioacha kazi walifikia takriban mara mbili ya wanawake wengine. Ndani ya kundi la walioacha, walioondolewa bila kupenda kwao, hasa kwa sababu za kiafya, walikuwa pabaya kuliko waliojiondoa wenyewe. Ni rahisi kuona kinachopotea siku hiyo: mshahara, nyumba, cheo, ratiba, kundi la marafiki na mara nyingi daktari, vyote kwa barua moja. Aliyechagua kuondoka alikwisha kuanza kutafuta vingine; aliyeondolewa hakupata nafasi hiyo.

Utaratibu wa huduma mara nyingi umekwenda kinyume na ramani hii. Nchini Marekani aliyeondolewa kwa makosa ya nidhamu aliweza kukosa haki ya kutibiwa katika hospitali za Idara ya Masuala ya Maveterani, ingawa yeye ndiye aliyekuwa katika kundi la hatari kubwa. Sheria iliyoanza kufanya kazi Januari 2023 imelegeza kikwazo hicho: veterani aliye katika hatari ya haraka ya kujiua, hata asiyeandikishwa katika mfumo wa idara hiyo, anaweza kupata matibabu ya dharura bila malipo.

Kompyuta zilileta tumaini kwamba swali la nani nalo lingejibika. Timu ya Kessler ilitumia kumbukumbu za STARRS kujenga modeli iliyopanga waliotoka hospitalini kwa kiwango cha hatari, na asilimia 5 ya juu ya vipindi vya kulazwa ilibeba asilimia 52.9 ya vifo vyote vilivyofuata. Ni mafanikio makubwa ya takwimu. Lakini kujiua ni tukio adimu, na uadimu huo una hesabu yake: hata ndani ya kundi hilo la juu, zaidi ya watu 95 kati ya 100 hawakujiua katika mwaka uliofuata. Modeli inaweza kusaidia kuelekeza huduma ya ziada isiyomdhuru anayeipata. Haiwezi kuwa msingi wa kumnyang'anya mtu kazi au uhuru wake.

Idara ya Masuala ya Maveterani ilichukua wazo hilo na mwaka 2017 ikaanzisha REACH VET. Kila mwezi mfumo hupitia kumbukumbu za matibabu kwa vigezo vilivyokuwa 61 mwanzoni, na katika kila hospitali hutaja asilimia 0.1 ya maveterani walio juu kabisa kwa hatari, kisha mhudumu huwatafuta na kupitia upya matibabu yao. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2021 ilikuta kwamba waliotafutwa walihudhuria kliniki zaidi, walilazwa wodi za akili mara chache zaidi na majaribio ya kujiua yalipungua kwao, lakini tofauti ya vifo haikuonekana. Lawama nazo zilifuata, kwa sababu modeli ya kwanza haikuhesabu ukatili wa kingono jeshini, jambo linalowagusa zaidi wanawake. Modeli hujifunza kutokana na vifo vilivyokwisha kutokea, na vingi kati ya hivyo ni vya wanaume. Kundi dogo hupotea ndani ya wastani.

Upande wa tiba, matokeo yaliyo imara zaidi yanatoka katika mambo yanayoonekana madogo. Barbara Stanley na Gregory Brown walibuni mpango wa usalama: mgonjwa na mhudumu huandika pamoja dalili zinazotangulia hali mbaya, mambo ya kufanya peke yake, watu wa kuwaendea, wataalamu wa kuwaita, na jinsi ya kuweka mbali vitu vya hatari. Walipoujaribu katika utafiti uliohusisha idara za dharura 9 za hospitali za maveterani, pamoja na kuwapigia wagonjwa simu baadaye, matendo ya kujiua yalipungua kwa takriban asilimia 45 katika miezi 6 kulinganisha na huduma ya kawaida. Katika kambi ya Fort Carson, Colorado, Bryan alijaribu mpango wa namna hiyo unaoandikwa kwenye kadi. Askari 97 waligawanywa kwa kura. Asilimia 5 ya waliopata mpango walijaribu kujiua katika miezi 6, wakati kwa waliosaini ahadi ya kutojidhuru, desturi ya miaka mingi, walikuwa asilimia 19. Karatasi ya ahadi humlinda zaidi daktari kuliko mgonjwa, na jaribio hilo liliwapa wakosoaji wake ushahidi waliokuwa wakiusubiri.

David Rudd na wenzake, kambini hapohapo, walipima tiba fupi ya kubadili fikra na tabia kwa askari 152. Katika miaka 2 asilimia 13.8 ya waliopata tiba hiyo walijaribu kujiua, wakati katika kundi la huduma ya kawaida walikuwa asilimia 40.2. Cha kuzingatia ni kwamba dalili za sonona zilipungua kwa makundi yote mawili karibu sawasawa. Kilichobadilika ni kile mtu anachofanya maumivu yanapokuja. Hapo ndipo dhana ya zamani kwamba ukitibu ugonjwa umekwisha kuzuia kujiua ilipopata ufa. Jaribio la lithiamu kwa maveterani 519, lililochapishwa mwaka 2022, lilipanua ufa huo: dawa iliyotegemewa kwa miaka mingi, ikiongezwa juu ya matibabu ya kawaida, haikupunguza matukio ya kujiua, na jaribio likasitishwa kabla ya kufika mwisho.

Kuna pia barua za Jerome Motto, daktari wa akili wa San Francisco aliyewahi kuwa askari katika Vita vya Pili vya Dunia na kuonja huko faida ya kuandikiwa na mtu asiyemdai chochote. Aliwachukua wagonjwa 843 waliokataa kuendelea na matibabu, nusu yao wakawa wanatumiwa barua fupi za kuwajulia hali kwa miaka 5. Katika miaka 2 ya mwanzo vifo vya kujiua vilikuwa vichache zaidi kwa walioandikiwa, na jaribio hilo ni moja kati ya machache sana duniani yaliyoonyesha tofauti ya vifo vyenyewe. Jeshi lilipoijaribu njia hiyo kwa ujumbe wa simu kwa wanajeshi 657, katika utafiti uliotolewa mwaka 2019, malengo makuu hayakufikiwa, ingawa dalili za faida ndogo zilionekana kando.

Ushahidi mzito zaidi, na wenye upinzani mkali zaidi, unahusu silaha. Kwa watu wengi muda kati ya uamuzi na tendo ni mfupi, na anayeuvuka salama mara nyingi hafi kwa kujiua baadaye. Mwaka 2006 jeshi la Israeli liliagiza askari waache bunduki kambini wanapokwenda nyumbani mwishoni mwa wiki. Kiwango cha kujiua kilishuka kwa asilimia 40, kushuka huko kukiwa karibu kote siku za mwisho wa wiki, huku siku za kazi zikibaki kama zilivyokuwa. Uswisi haikukusudia kufanya utafiti wowote ilipopunguza jeshi lake karibu nusu mwaka 2003, lakini bunduki za kijeshi zilizokaa majumbani zilipungua, na vifo vya kujiua vya wanaume wa umri wa utumishi vikapungua pamoja nazo. Ni sehemu ndogo tu, kiasi cha asilimia 22 ya upungufu huo, iliyohamia njia nyingine.

Marekani, ambako zaidi ya asilimia 70 ya vifo vya kujiua vya maveterani huhusisha silaha ya moto, imekwenda pole. Bunduki nyingi ni mali binafsi, na haki ya kuzimiliki imo katika katiba. Sheria ya mwaka 2011 iliwazuia makamanda hata kuuliza kuhusu silaha binafsi za askari, na ilirekebishwa miaka 2 baadaye ili waweze kuuliza pale wanapoona hatari. Watafiti wameelekea kwenye hifadhi ya hiari: kufuli, kabati la chuma, rafiki anayeshika funguo kwa muda. Ni njia ya busara kisiasa, ila nguvu zake hazijapimwa kwa kiwango ambacho agizo la Israeli lilipimwa.

Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa limeshajaribu kitu kipana zaidi. Tangu katikati ya miaka ya 1990 liliweka hatua 11 kwa jumuiya nzima, kuanzia mafunzo ya kila mwaka hadi kumlinda askari aliye chini ya uchunguzi wa jinai. Kiwango cha kujiua kikapungua kwa theluthi moja. Hapakuwa na kundi la ulinganisho, na hilo lilikuwa doa, lakini mwaka 2004, utekelezaji ulipolegea, kiwango kilipanda tena.

Hesabu zenyewe zina historia yake. Ile ya maveterani 22 kwa siku, iliyotapakaa katika mabango na hotuba, ilitoka katika ripoti ya mwaka 2012 iliyotegemea majimbo 21 tu. Hesabu kamili ya mwaka 2022 ni vifo 6,407, wastani wa 17.6 kwa siku, na takriban 6 kati ya 10 ya waliokufa hawakuwa wamepata huduma ya karibuni katika hospitali za idara yao. Uingereza na Wales hazikuwa zimewauliza watu katika sensa kama waliwahi kutumikia jeshi hadi mwaka 2021. Bila kujua maveterani ni wangapi, hakuna kiwango kinachoweza kukokotolewa.

Afrika Mashariki inakutana na tatizo hilohilo likiwa limefungwa kwa sheria pia. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na nchini Kenya ilikuwa hivyo hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha 226 kinakiuka katiba. Mahali ambapo kusema ni kujishtaki, askari hasemi, na daktari wa kambi huandika ajali. Uganda na Burundi zilipeleka wanajeshi Somalia kuanzia 2007, na Kenya ikaingia mwaka 2011, kwa hiyo wapo maelfu waliokwisha kurudi makwao na wengine kuvua sare. Si kila fundisho la Marekani linawafaa. Bunduki binafsi ni chache hapa, na silaha ya hatari kwa askari au polisi ni ile aliyokabidhiwa kazini, hivyo mfano wa Israeli uko karibu zaidi kuliko kabati za chuma za Marekani. Mpango wa usalama unahitaji karatasi moja na mhudumu aliyefunzwa. Kumbukumbu nazo zinaweza kuanza kwa tarehe tatu tu katika jalada la kila askari: siku aliyoandikishwa, siku aliyotoka hospitalini kama alilazwa, na siku aliyoondoka jeshini pamoja na sababu yake.